Kigezo cha "watu wengi zaidi" katika kupima maandiko ya utafiti: kipewe uzito gani?

Rasimu_ya_Pili (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za kazi.

Kuna mfuko mdogo wa ruzuku za utafiti wa afya, ngazi ya mkoa, unaopangiwa vigezo upya. Fedha ni shilingi milioni 400 kwa mwaka. Rasimu iliyopo mezani inagawa alama 100 hivi: 40 idadi ya watakaonufaika, 25 ubora wa mbinu, 20 uwezo wa timu, 15 bajeti. Hoja ya walioiandika ni kwamba hela ni ya umma, kwa hiyo iende kwenye tatizo la wengi.

Naomba msaada kwenye mambo matatu. Je, kigezo hicho kinastahili kubeba alama 40? Idadi ihesabiwe vipi: wakazi, wagonjwa au vifo? Na magonjwa ya wachache kama malale (ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o), au utafiti wa msingi ambao bado hauna mgonjwa hata mmoja, vikae wapi?

Majibu yenye namba tafadhali. Falsafa tupu tumeshashiba kwenye vikao.

---

Kokotoa

Mkuu, nianze na swali lako la pili, maana hapo ndipo rasimu inapopasuka. Neno "watakaonufaika" halina kipimo. Kila mwombaji ataandika idadi ya wakazi wa mkoa mzima, na kamati haitakuwa na pa kumshikia.

Chukua mfano wa kubuni. Ugonjwa A unawapata watu 100,000 kwa mwaka, kila mmoja analala wiki moja hivi, sawa na miaka 0.02. Ugonjwa B unaua watoto 400 kwa mwaka, kila mmoja anapoteza miaka 60. Kwa vichwa, A inaizidi B mara 250. Sasa hesabu kwa DALY, yaani miaka ya uhai wenye afya iliyopotea, ya vifo ukijumlisha na ya maradhi. A inapata 2,000, B inapata 24,000. Na hapo nimeipendelea A, kwa kuchukulia kwamba mgonjwa hajiwezi kabisa wiki nzima. Ukiweka uzito halisi wa homa ya kawaida, A inashuka zaidi.

Usiishie hapo. Ukubwa wa mzigo si sawa na kiasi ambacho andiko lililo mbele yako litakipunguza. Zidisha hivi:

mzigo × sehemu inayoweza kuondolewa × uwezekano wa utafiti kufanikiwa × sehemu ya walengwa watakaofikiwa, kisha gawa kwa gharama.

Andiko la B linataka kutengeneza kipimo kipya: 24,000 × 0.3 × 0.2 × 0.5 = 720. Andiko la A linataka kurekebisha namna dawa iliyopo inavyowafikia watu: 2,000 × 0.5 × 0.8 × 0.7 = 560. La kwanza linaomba milioni 180, la pili milioni 40. Kwa kila milioni, B inarudisha DALY 4, A inarudisha 14. Kwa hiyo A ilikuwa juu kwa vichwa, ikashuka kwa mzigo, ikapanda tena kwa gharama. Ndiyo maana mtu akisema "wengi zaidi" bila kutaja fomula, hajasema kitu.

Ile 0.2 ya kufanikiwa ni makisio, kwa hiyo ijaribuni. Ipandisheni mara tatu hadi 0.6: B inafika 2,160, ukigawa kwa 180 unapata 12. Bado iko chini ya 14. Uamuzi ukisimama hata makisio yakitikiswa hivyo, unaweza kuutetea mbele ya mkaguzi.

Mambo mawili yanayoharibu hesabu hizi. Moja ni punguzo la miaka ijayo. DALY za mwanzo, za ripoti ya Benki ya Dunia ya 1993, zilipunguza miaka ijayo kwa asilimia 3 kwa mwaka, na pia zilimpa kijana uzito zaidi ya mtoto mchanga na mzee. Kwa punguzo hilo, miaka 60 ya mtoto wetu inakuwa 28 hivi. Makadirio ya dunia ya 2010 yaliachana na vyote viwili, lakini utakuta majedwali ya zamani bado yanazunguka. Ukichanganya jedwali la zamani na jipya kwenye orodha moja, umelinganisha maembe na kokwa zake.

La pili ni chanzo cha namba. Ugonjwa usiopimwa hauonekani. Kabla ya kipimo cha haraka cha malaria kusambaa, homa nyingi ziliandikwa "malaria" kwenye vitabu vya MTUHA, yaani rejista za takwimu za vituo vya afya, na magonjwa mengine yaliyokuwa yamejificha ndani ya homa hizo yakabaki na sifuri. Ukiwapa alama kwa kutumia kitabu hicho, unazidi kutafiti kile ulichokuwa unakitafiti tangu mwanzo.

---

Mbungo_wa_Bonde

Malale imetajwa, ngoja niifungue, kwa sababu ndiyo inayoonyesha hatari ya kigezo hicho waziwazi.

Mwanzoni mwa karne iliyopita mlipuko uliua watu zaidi ya laki mbili kando ya Ziwa Victoria, upande wa Uganda. Ufuatiliaji mkali, timu zikizunguka kijiji kwa kijiji, ukaushusha ugonjwa barani hadi chini ya visa 5,000 vilivyoripotiwa kwa mwaka katika miaka ya 1960. Kwa hesabu ya vichwa tatizo lilikuwa limekwisha. Timu zikalegea, vita vikaongezea, na kufikia 1998 visa vilivyoripotiwa vilikaribia 40,000. Vijiji ambavyo hakuna aliyevipima havimo humo.

Na dawa je? Mgonjwa ambaye vimelea vimeshaingia ubongoni alichomwa melarsoprol, dawa yenye aseniki, iliyoua takriban mmoja kati ya 20 waliotibiwa. Haikuwa siri. Ilibaki kwa miongo kadhaa kwa sababu wagonjwa walikuwa maskini, wako mbali, na "si wengi". Mwaka 2009 ikaja tiba mseto ya NECT: dripu ya eflornithine ya saa mbili kila baada ya saa 12 kwa siku 7, jumla dripu 14, pamoja na vidonge vya nifurtimox mara tatu kwa siku kwa siku 10. Ni salama zaidi, lakini inahitaji kitanda, muuguzi wa usiku na maji safi ya dripu pale ambapo barabara inaishia.

Fexinidazole, dawa ya vidonge peke yake bila dripu, ilikuwa imetengenezwa na kampuni ya Hoechst kisha ikawekwa kabatini miaka ya 1980. DNDi, shirika lisilo la faida linalotafuta dawa za magonjwa yaliyosahaulika, liliifufua 2005 baada ya kupekua zaidi ya kemikali 700 za jamii hiyo. Mtu mzima wa kilo 35 na kuendelea anameza vidonge 3 vya miligramu 600 kwa siku 4, kisha 2 kwa siku 6. Lazima ameze akiwa ameshiba, kwa sababu tumbo likiwa tupu dawa hainyonywi ya kutosha, na hapo ndipo matibabu yanapoharibika kijijini. Mwenye dalili kali na chembe nyeupe zaidi ya 100 kwa kila mikrolita ya maji ya uti wa mgongo anarudishwa kwenye NECT.

Sasa angalia jaribio lenyewe, lililofanyika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kupata wagonjwa 394 kulichukua kuanzia 2012 hadi 2016. Kadiri ugonjwa unavyopungua, ndivyo utafiti wake unavyopanda bei kwa kila mgonjwa. Matokeo: asilimia 91.2 walipona kwa vidonge, 97.6 kwa dripu. Tofauti ya 6.4 ilikubaliwa kwa sababu kiwango cha juu cha tofauti kilichowekwa kabla ya jaribio kilikuwa 13, na kwa sababu kidonge kinamfikia yule ambaye dripu haimfikii. Idhini ilipatikana mwishoni mwa 2018, mwaka ambao visa vilivyoripotiwa barani vilikuwa chini ya 1,000.

Pitisha andiko hilo kwenye fomu yenu, mkuu. Wanufaika chini ya elfu moja, Afrika nzima. Linaanguka raundi ya kwanza. Uchache wa wagonjwa ulitokana na kazi iliyofanyika. Fomu yenu inausoma kama sababu ya kuiacha kazi.

---

Mezani_kwa_Kila_Mtu

Nakubali hayo yote, ila msiitupe hoja ya wengi haraka hivyo. Kigezo hicho kikiondoka, kiti hakibaki wazi. Soko linakikalia.

Mfano uko kwenye dawa hiyohiyo ya eflornithine. Ilianza kama jaribio la dawa ya saratani, ikasajiliwa kwa malale 1990, halafu katikati ya miaka ya 1990 mtengenezaji akaacha kuizalisha kwa kuwa haikulipa. Ilirudi lini? Ilipogundulika kwamba kemikali hiyo ikipakwa inapunguza ukuaji wa nywele usoni. Krimu ikaruhusiwa Marekani mwaka 2000, uzalishaji ukawa na faida, na 2001 yakafikiwa makubaliano, baada ya WHO na Madaktari Wasio na Mipaka kubana, ya kutoa dawa ya malale. Ndevu za wanawake wenye pesa zilikuwa na nguvu kuliko mgonjwa wa malale wa Equateur, huko Kongo.

Tume ya kimataifa ya utafiti wa afya ilikadiria mwaka 1990 kwamba nchi zinazoendelea zilibeba asilimia 93 ya miaka ya maisha iliyopotea kwa vifo vinavyozuilika, huku matatizo yao yakipata asilimia 5 hivi ya fedha za utafiti wa afya duniani. Anayesema "wengi kwanza" anaipinga hali hiyo. Kosa la rasimu ni kipimo chake, nia yake ni sawa.

---

Seli_Duara

Kuna jambo limepitwa. Mnauliza ugonjwa *gani* una watu wengi. Mimi ningeuliza, ndani ya ugonjwa mmoja, ni swali *lipi* la utafiti linawafikia wengi.

Chukua selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi: Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 hivi kila mwaka wanaozaliwa nayo. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri jeni, Casgevy. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa, na kabla ya kurudishiwa seli zake mgonjwa anapewa dawa kali ya kuusafisha uboho, akikaa hospitali wiki kadhaa. Ni sayansi ya hali ya juu, siibezi.

Upande wa pili kuna hydroxyurea, kidonge kilichojulikana tangu zamani. Kilichokosekana ni jibu la swali dogo: dawa hii inashusha chembe nyeupe, je, kwenye malaria nyingi haitawamaliza watoto? Jaribio la REACH liliwaanzishia dawa watoto 606 huko Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, kwa wastani wa miligramu 17.5 kwa kilo kwa siku. Malaria ilishuka kutoka matukio 46.9 hadi 22.9 kwa kila miaka-mgonjwa 100, maumivu makali kutoka 98.3 hadi 44.6, vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Dosari yake ijulikane: halikuwa na kundi linganishi, watoto walilinganishwa na hali yao wenyewe kabla ya dawa. Lakini hofu iliyozuia dawa hiyo ilipata jibu.

Kwa mfuko wa milioni 400, maswali yanayowezekana ni ya namna hiyo. Je, kipimo cha haraka cha selimundu kikifanywa siku ya chanjo ya kwanza kitawapata watoto wangapi zaidi ya kile cha wodini? Dozi igawanywe vipi pale ambapo duka la dawa lina kapsuli za miligramu 500 peke yake na mtoto ana kilo 11, yaani anahitaji kama 190? Wangapi wanaacha penisilini kabla ya kutimiza miaka mitano (miligramu 125 mara mbili kwa siku hadi umri wa miaka mitatu, kisha 250), na wanaiacha mwezi wa ngapi?

---

Darubini_ya_Bati

Utafiti wa msingi: usiulizwe wanufaika kabisa. Ukiuliza, utadanganywa, na atakayeshinda ni mwongo hodari.

Mwaka 1947 watafiti wa homa ya manjano Entebbe walipata kirusi kipya kwa nyani waliyemweka kwenye msitu wa Zika. Kwa miaka sitini hivi visa vya binadamu vilivyoandikwa vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole. Februari 2016 WHO ikatangaza dharura ya kimataifa kwa sababu ya watoto waliozaliwa na vichwa vidogo Brazil. Jina, sampuli na maelezo ya mbu anayekieneza vilikuwa tayari kwenye kumbukumbu. Chikungunya nayo ilielezwa kwanza kwenye mlipuko wa 1952 hadi 1953 uwanda wa Makonde, na dunia inaitaja kwa Kimakonde hadi leo.

ORS, yaani maji ya chumvi na sukari ya kunywa mtu akiharisha, ina asili kama hiyo. Robert Crane alieleza 1960 kwamba utumbo unavuta sodiamu na glukosi kwa pamoja kupitia mlango mmoja. Alikuwa akichunguza seli, hakuwa akitafuta tiba ya kipindupindu. Mwaka 1968 Dhaka ikaonyesha kwamba mgonjwa wa kipindupindu anaweza kurudishiwa maji kwa kunywa, na 1971 kwenye kambi ya wakimbizi ya Bangaon vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4. Na bado kazi haikuisha: kwa mchanganyiko wa kwanza, gramu 3.5 za chumvi na 20 za glukosi kwa lita, ukolezi ulikuwa miliosmoli 311 kwa lita, kiasi cha kumwongezea mtoto choo. Mwaka 2002 ukashushwa hadi 245: chumvi 2.6, glukosi 13.5, kloridi ya potasiamu 1.5, sitrati 2.9. Sukari ikizidi inavuta maji kuyarudisha ndani ya utumbo, ndiyo maana anayeongeza kijiko "ili mtoto apende" anamdhuru.

Tengeni chungu chake, asilimia 10 kwa mfano, kisha kipimwe kwa mambo mengine: swali liko wazi? Matokeo yanaweza kuonyesha kwamba mtafiti amekosea? Sampuli na data vitahifadhiwa mahali ambapo mwingine anaweza kuvitumia miaka 20 baadaye? Hilo la mwisho watu hulipuuza, kumbe friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri bila jenereta ni kabati tu.

---

Rasimu_ya_Pili

Nimeelewa kwamba 40 kwa vichwa haisimami. Sasa kivitendo, wajumbe ni saba, fomula ya Kokotoa ni wawili tu watakaoijaza vizuri. Kuna njia nyepesi?

---

Kokotoa

Ipo. Tumieni njia ya CHNRI, iliyobuniwa kwa ajili ya afya ya watoto. Kila mjumbe, peke yake, bila kujadiliana, anajibu maswali mafupi kwenye vigezo vitano: swali linajibika? Suluhisho litafanya kazi? Litafikishwa kwa watu? Litapunguza mzigo kwa kiasi kikubwa? Litawafikia wanaoachwa nyuma? Ndiyo ni 1, hapana ni 0, sina uhakika ni 0.5, na asiyelijua jambo anaacha wazi. Jumlisha, gawa kwa idadi ya *waliojibu*, zidisha kwa 100.

Kosa la kawaida ni programu ya jedwali kusoma nafasi wazi kama sifuri. Likitokea hilo, mada ngeni ambazo wajumbe wengi hawazijui zinazama zote, na hakuna atakayegundua. Kosa la pili ni wajumbe wote kuwa madaktari wa hospitali moja. Kigezo cha kufikisha kijazwe pia na mganga wa zahanati na mwakilishi wa wagonjwa.

Ongezeeni swali la sita: kuna mwingine anayefadhili jambo hili? Hilo ndilo linaloikomboa malale. Ugonjwa mkubwa wenye wafadhili kumi hauhitaji milioni zenu 40 kama unavyozihitaji ule mdogo usio na yeyote.

Halafu ubora wa mbinu utoeni kwenye alama, uwe mlango. Ukifeli hapo huingii. Mtu anaahidi kushusha tatizo kutoka asilimia 30 hadi 20. Kwa uwezo wa asilimia 80 wa kuiona tofauti hiyo anahitaji watu 290 hivi kwa kila kundi. Akigawa kwa vijiji badala ya mtu mmojammoja, watu 30 kila kijiji, na mfanano wa ndani ya kijiji ukiwa 0.05, zidisha kwa 2.45 (yaani 1 + 29 × 0.05): anafika 711, yaani vijiji 24 kwa kila kundi. Andiko linalokuja na vijiji vinne kwa kila kundi halitajibu chochote, hata likitaja wanufaika milioni tatu. Na alama zake 40 za vichwa zingelipitisha.

---

Mbungo_wa_Bonde

Naongeza: kabla ya kutangaza, chukueni maandiko ya mwaka jana, yapitisheni kwenye fomu mpya mkiwa mmeficha majina. Kisha hamisheni uzito wa kila kigezo kwa alama 5 juu na chini. Kumi bora zikibaki zilezile, sawa. Nusu yake ikibadilika, fomu bado mbichi.

---

Rasimu_ya_Pili

Ya mwaka jana yako 27, yamechapwa. Tutaanza na mlango wa sampuli, nina wasiwasi wengi wataishia hapo. Nitaleta jedwali hapa bila majina.